TUCHUKUE UJUZI WAO, TUWAACHIE MTI WAO



Desturi ya ukurasa huu ni kusema juu ya karafuu: uchumaji wake, uanikaji wake, bei yake na maradhi yake. Mara hii twaomba ruhusa kusema juu ya mti mwingine, usio wa visiwa vyetu, ambao watu wa Australia huuotesha ndani ya chungu kisichozidi upana wa sinia la wali. Wala hatusemi kwa ajili ya kupitisha wakati. Baadhi ya wanachama wametuuliza kama ingefaa kuagiza mbegu za mti huo, tuoteshe miti midogo ya mapambo, tuiuze kwa mahoteli na kwa wageni, ili mwaka ambao mikarafuu haikuzaa nyumba isikose kitu.

Swali hili ni la watu wenye haja, nalo lastahili jibu la wazi. Basi jibu letu twalitoa mapema, msomaji asipate taabu ya kulitafuta: ujuzi wa watu wale na uje, tena uje kwa wingi, mti wenyewe na ubaki kwao. Sababu zetu ni hizi.

MTI WENYEWE

Wataalamu wa mimea huuita Melaleuca. Sisi hapa tutauita mti wa karatasi, maana magome yake ndivyo yalivyo. Ni meupe au ya rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, laini kama kitambaa, nayo yamepangana tabaka juu ya tabaka; ukiyavuta kwa ukucha hubanduka karatasi moja, na chini yake ipo nyingine. Wenyeji wa asili wa Australia waliyatumia magome hayo tangu zamani kwa kuezekea vibanda, kufungia chakula cha kuokwa, na kutandikia watoto wachanga.

Aina za Melaleuca ni karibu 300, na nyingi sana hazipatikani kwa asili ila Australia. Aina ijulikanayo zaidi kwa magome ya karatasi ni Melaleuca quinquenervia, iotayo kandokando ya mabwawa na mito ya mashariki ya nchi hiyo, na pia katika New Caledonia na New Guinea. Mti huo hufika mita 15 na zaidi. Jina lake la pili maana yake ni mishipa 5, kwa sababu ya mishipa iliyonyooka katika jani lake.

Mkulima wa karafuu asidhani kwamba mti huu ni mgeni kabisa kwake. Mkarafuu na mti wa karatasi ni ukoo mmoja, ukoo wa mhadasi, ambamo wamo pia mpera, mzambarau, mdarabi na mkaratusi. Atakaye ushahidi na achukue jani la mkarafuu au la mpera, alielekeze juani. Ataona vitone vidogo vidogo vipitishavyo mwanga. Hivyo ni vifuko vya mafuta, na mti wa karatasi unavyo vile vile. Tena aache konyo moja la karafuu lichanue mtini bila kuchumwa. Kile kichwa cha mviringo kitaanguka, na nyuzi nyeupe zitatoka kama brashi. Maua ya mti wa karatasi ndivyo yalivyo, ila yake yamekusanyika mengi pamoja mfano wa brashi ya kusafishia chupa.

Hata kwao kwa zamani hawakuwa mbali. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, na katika visiwa hivyo hivyo huota aina ya Melaleuca ambayo majani yake hutiwa mvuke yakatoa mafuta ya kayu putih, yaani ya mti mweupe, kama sisi tutoavyo mafuta katika makonyo. Basi tusemapo juu ya mti huu twasema juu ya binamu. Na kwa kuwa ni binamu, faida yake yaweza kutufaa, na maradhi yake yaweza kutufika. Mambo hayo mawili yasisahauliwe hata mwisho wa maneno yetu.

MTI NDANI YA SINIA

Ufundi wa kuotesha mti mkubwa katika chungu kidogo ulianza China, ukaenda Japani, na jina ulilojulikana nalo duniani ni la Kijapani: bonsai, maana yake kilichopandwa katika sinia. Wengine hudhani kwamba mti wa bonsai ni wa namna ya peke yake, uliozaliwa kibeti. Sivyo. Ni mti ule ule wa msituni. Ukiutoa katika chungu ukaupanda shambani utakua kama wenzake. Udogo wake hutokana na kazi: mizizi hupunguzwa kwa zamu, machipukizi hukatwa ncha, na matawi huelekezwa tangu ni laini. Samaki mkunje angali mbichi. Mwenye bonsai hulijua neno hili kwa vidole vyake, maana tawi likisha kukomaa halikunjiki bali huvunjika.

Lengo lake si kuutesa mti. Lengo ni kwamba mtu akiutazama, hali urefu wake haufiki mkono mmoja, aone mzee wa msitu: shina nene chini na jembamba juu, mizizi iliyoshika ardhi, matawi yaliyoinama kwa uzito wa miaka. Mti uliodhoofika kwa njaa hauonyeshi hayo. Mwenye chungu mwema huulisha mti wake na kuunywesha kuliko tufanyavyo wengi wetu kwa miche yetu.

WALIVYOUTAZAMA MTI WAO

Ufundi huu ulipoenea Australia, waliouanza walifanya kama wafanyavyo wanafunzi wote. Walifuata kitabu. Kitabu kilisema msonobari wa Japani, wakaotesha msonobari. Kilisema mti fulani wa nchi za baridi unaopukutisha majani, wakautafuta. Miti hiyo wengine wanayo hata leo, na ni mizuri. Lakini kitabu kiliandikwa mahali ambapo Januari ni baridi, na Australia Januari ni joto. Kiliandikiwa miti ambayo hulala wakati wa baridi, na miti mingi ya Australia hailali namna hiyo. Wako waliochoka kulazimisha. Wakatoka nje ya mlango wakatazama miti ya nchi yao: mitini ya mwambani, banksia, mikaratusi na miti ya karatasi.

Hapo ndipo kazi yao ilipopata heshima yake, kwa kuwa kila mti uliwalazimisha kujifunza upya. Twataja mambo manne waliyojifunza kwa mti wa karatasi, ili msomaji aone namna ya kufikiri kwao.

La kwanza ni maji. Kanuni ya kitabu ni kwamba maji yapite upesi, na chungu kisisimame majini, kwani mizizi itaoza. Lakini mti wa karatasi ni mtoto wa bwawa. Siku za joto kali waotesha-miti wengi wa Australia hukiweka chungu chake ndani ya sinia lenye maji, nao mti hunawiri. Mti huu huogopa kukauka kuliko kulowa. Ukisahauliwa alasiri moja ya jua kali, waweza kupoteza matawi.

La pili ni wakati wa kukata mizizi. Kitabu husema mizizi ikatwe mwisho wa baridi, kabla macho ya majani hayajafunguka. Kwa mti wa karatasi waliona ni bora kungoja mpaka joto liingie na mti umeshika kukua, maana wakati huo mizizi mipya hutoka upesi na jeraha hupona. Wao husoma kalenda katika mti wenyewe, si katika karatasi.

La tatu ni kupogoa. Misonobari mingi ukiikata tawi mpaka pasipobaki jani, tawi hilo limekwisha. Mti wa karatasi ulio na afya hutoa machipukizi hata katika mti mkavu wa zamani, penye shina tupu. Kwa hiyo hawana haja ya kuufunga waya kila mahali. Hukata, huacha chipukizi likue, hukata tena, na kila mkato hulipa tawi pembe mpya. Ufundi wa namna hii ni wa zamani kusini ya China, nao waliona wafaa mti wao. Mti huu wataka mkono ulio mwepesi kurudi, kwa kuwa hukua kwa haraka na nguvu yake yote hukimbilia juu. Asiyekata ncha za juu mara kwa mara atakuta matawi ya chini yamekufa.

La nne ni magome. Haya ndiyo fahari ya mti huu, maana hata mti wa umri mdogo huonekana mzee. Lakini waya ukikazwa juu yake huyaponda na kuyachana, na mkono usio na adabu hubandua katika dakika moja kilichowekwa kwa miaka. Kwa hiyo hufunga waya matawi yakiwa machanga tu, nao huyaangalia kila mara wasije wakaukuta umezama.

Ongeza ya tano, ambayo haihusu mti huu peke yake. Walijifunza kwamba miti ya nchi moja si ya tabia moja. Banksia ilizoea udongo wenye fosforasi kidogo mno, na mbolea ya kawaida yaweza kuidhuru, hali mti wa karatasi haudhuriki upesi namna hiyo. Aliyeipa miti yote mbolea ya pakiti moja kwa sababu yote ni ya Australia, alijifunza kwa hasara.

Na katika aina za mti wa karatasi wenyewe huchagua kwa makini. Melaleuca linariifolia ina majani membamba, na maua yake meupe hufunika kilele kizima. Melaleuca ericifolia, ya mabwawa ya kusini, ina vijani vidogo vilivyolingana na mti mdogo. Hata ile ya majani mapana hutumiwa, ila hutakiwa shina lililo nene ili majani yasionekane makubwa mno. Na shina la namna hiyo aghalabu hupandwa ardhini miaka kadhaa kwanza, ndipo likahamishiwa chunguni.

Leo katika mji mkuu wa Canberra, ndani ya bustani ya taifa ya miti iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2013, imo nyumba ya maonyesho ya bonsai za taifa zima. Miti ya asili ya Australia imewekwa humo bega kwa bega na ile ya Japani na China. Bustani hiyo imejengwa mahali palipounguzwa na moto mkubwa wa mwaka 2003. Twaona jambo hilo ni la kutia moyo: watu walioachiwa majivu wakachagua kupanda miti, na miti ya kwao wasiifiche uani.

HATARI YA KWANZA: MGENI ASIYETOKA

Sasa twarudi kwa swali la wanachama. Kama mti huu ni mzuri namna hii, tena ni binamu, kwa nini tusiuagize?

Jibu la kwanza liko Florida, Marekani. Mti wa karatasi ulipelekwa huko mwanzoni mwa karne ya 20, kwa ajili ya mapambo na kwa matumaini ya kukausha mabwawa. Mwaka 1906 mbegu zilioteshwa karibu na Miami, na mwaka 1936 mbegu zilimwagwa kutoka katika ndege juu ya mabwawa makubwa yaitwayo Everglades. Kila aliyefanya hayo alidhani anatenda wema. Mti ule ukapata maji uyapendayo na haukuwakuta wadudu wanaoula kwao. Ukaenea, ukafunika karibu hekta 200,000, ukasonga majani, ndege na samaki wa nchi ile. Mwaka 1997 serikali ya huko ililazimika kuleta mdudu kutoka Australia aule mti huo, na mwaka 2002 ikaleta mwingine. Kazi ya kukata, kutia dawa na kung'oa imegharimu fedha nyingi, na bado haijesha.

Siri ya jambo hili ni mbegu. Tunda la mti wa karatasi ni kikombe kigumu kidogo kinachoshika tawi kwa miaka, kimejaa mbegu nyembamba kama vumbi. Mti mmoja mkubwa waweza kushika mamilioni. Mti ukichomwa moto, ukikatwa au ukikauka, vikombe hufunguka na mbegu zote hushuka pamoja. Yaani ukiupiga vita, siku ile ile umeupanda.

Mtu atasema, Mimi nitauweka chunguni tu. Twamjibu kwamba chungu hakina mlango. Mti wa chunguni nao hutoa maua ukiachwa, na mwenye chungu akichoka huutupa nyuma ya nyumba, palipo bonde la mpunga. Sisi wenyewe tunaye kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ale takataka za mji. Takataka zipo, kunguru yupo, na vifaranga vyetu na mayai ya ndege wetu ndivyo vinavyokwenda. Hatuhitaji kwenda Florida kuuliza habari za mgeni asiyetoka.

HATARI YA PILI: KUTU

Jibu la pili laugusa mkarafuu wenyewe, na hili ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Uko ugonjwa wa ukoo wa mhadasi uitwao kutu. Ni kuvu, nao hujionyesha kama unga wa manjano juu ya majani machanga, machipukizi na matunda mabichi. Asili yake ni Amerika ya Kusini na ya Kati; mara ya kwanza uliandikwa na wataalamu mwaka 1884, kwa mapera ya Brazil. Katika miaka ya 1930 uliharibu vibaya mashamba ya pimento ya Jamaika, ambayo ni zao la viungo la ukoo huo huo wa mkarafuu. Mwaka 2005 ulionekana Hawaii, ukaipiga midarabi mpaka mingi ikakauka. Mwaka 2010 uliingia Australia. Katika muda mfupi ulienea pwani ya mashariki yote, na iko miti ya msituni huko ambayo tangu hapo haizai tena mbegu na inakaribia kutoweka. Mti wa karatasi wa majani mapana nao ni miongoni mwa iuguayo. Mwaka 2013 kutu hiyo ilionekana Afrika ya Kusini. Yaani imekwisha kukanyaga bara letu.

Vumbi la ugonjwa huu huchukuliwa na upepo, lakini pia huchukuliwa na nguo, na mikasi, na zaidi ya yote na miche. Tafakarini jambo moja. Kutu hupenda jani changa. Na kazi yote ya mwenye bonsai ni kukata ncha ili mti utoe majani machanga mwaka mzima. Kwa hiyo mti wa karatasi uliomo chunguni, ukiwa umeugua, ni kiwanda cha ugonjwa kilichowekwa barazani, na mbele ya baraza hiyo ipo mikarafuu.

Hatusemi haya kuwatisha watu. Twasema kwa sababu visiwa hivi vyajua maana ya maradhi ya miti. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 maradhi ya kufa ghafla yaliua mikarafuu ya Unguja kwa maelfu. Mti uliojaa majani ulikauka katika siku chache, na mwenye shamba akabaki na kuni. Tena mikarafuu haikosi maadui wa kutosha hapa hapa nyumbani. Mwenye busara haongezi adui mwingine kwa fedha yake mwenyewe, tena akalipa na nauli.

HOJA YA MWENZETU

Mwanachama mmoja anaweza kusema: Lakini karafuu nayo si ya hapa. Ililetwa mwanzoni mwa karne ya 19, nayo ndiyo iliyotusomeshea watoto. Kama wazee wangalifikiri kama nyinyi, tungalikuwa na nini?

Hoja hii ni nzito, wala hatuirukii. Twajibu hivi. Mkarafuu ni mgeni mwenye adabu. Mbegu yake ikikaa siku chache bila kupandwa hufa. Mche wake wataka kivuli, wataka maji ya mkono, na miaka mingi ya kungojwa. Mkarafuu haukuenea visiwani kwa upepo, bali kwa jasho, na sehemu kubwa ya jasho hilo lilikuwa la watumwa. Mti wa karatasi ni kinyume chake: hauhitaji mkono wa mtu, bali huuhitaji mkono wa mtu kuuzuia. Tena wazee wale hawakuwa na habari za Florida wala za kutu. Sisi tunazo. Mtu hahukumiwi kwa lile asilolijua, lakini akijua akatenda, hana pa kujificha.

LA KUFANYA

Je, basi tukae mikono mitupu? Hasha. Tulisema ujuzi na uje.

Kwanza, anayetaka kazi ya miti ya chunguni, iwe kwa mapambo au kwa kuuza, na afanye walivyofanya watu wa Australia wenyewe. Wao hawakufaulu kwa kuwa na mti wa karatasi. Walifaulu kwa kuutazama mti ulio mlangoni mwao mpaka wakaijua tabia yake. Kuwaiga kwa kweli si kuagiza mti wao, bali ni kuitazama miti yetu. Sisi tunao mkwaju, ambao katika nchi nyingi za joto umekwisha kuthibitika kuwa mti wa bonsai wa kupigiwa mfano: jani lake ni dogo, shina lake huzeeka vizuri, na hustahimili kukatwa. Tunayo mikuyu na jamaa zake, ambayo mizizi yake hukumbatia jiwe bila kufundishwa. Tunao mbuyu, ambao hata mchanga huonekana mzee. Na atakaye mti wa ukoo wa mkarafuu wenye magome ya kubanduka, mpera uko uani, magome yake hubanduka vipande vya rangi mbili, na hakuna wa kumwomba ruhusa.

Pili, ujuzi huu haufai chunguni tu, wafaa zaidi katika kitalu cha mikarafuu. Tazameni tofauti ya mabinamu hawa. Mti wa karatasi husimama majini ukacheka. Mkarafuu ukisimama majini huoza mizizi. Mti wa karatasi hukatwa mizizi ukashukuru. Mche wa mkarafuu ukisumbuliwa mizizi wakati wa kuhamishwa hunyauka. Damu ni moja, sheria ni mbili. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba dawa fulani, au mbolea fulani, au kipimo fulani cha maji kilifaa mti fulani wa ng'ambo, kwa hiyo na sisi tukifuate. Tumwulize kwanza: Umeutazama mkarafuu? Na sisi wenyewe tujiulize ni mara ngapi tumepita kitaluni asubuhi tukaushika udongo wa mfuko kwa kidole kabla ya kumwagia. Miche mingi igawiwayo hufa katika mwaka wake wa kwanza, na mara nyingi si kwa ugonjwa, bali kwa kusahauliwa kiangazi kimoja. Mtu wa Canberra huutazama mti wa chungu kimoja mara mbili kwa siku. Sisi tulio na miche mia, je, twaitazama mara ngapi?

Tatu, twauomba uongozi wa chama chetu ufanye mambo mawili. La kwanza ni kuandaa siku ya mafunzo ya kupogoa na kulea miche, na vijana waalikwe, maana kazi hii ya mikono huwavuta kuliko hotuba. La pili ni kuzungumza na wakaguzi wa mimea bandarini na uwanja wa ndege, ili mche wowote wa ukoo wa mhadasi usiingie bila cheti cha afya na bila idhini, hata ukiwa umo ndani ya mfuko wa zawadi. Na kila mwanachama mwenye jamaa wanaosafiri awaambie: wakirudi walete nguo, walete halua, walete picha za miti wakipenda, miti yenyewe na mbegu zake waiache. Na akiona unga wa manjano juu ya chipukizi la mpera, mdarabi au mkarafuu, asilichume akalipeleka kwa jirani kumwonyesha. Aache pale pale, amwite bwana shamba.

Twajua kwamba wako watakaotuona wagumu, kwa kuwa mti wa chungu ni kitu kidogo na riziki ni kitu kikubwa. Lakini mbegu ya mti wa karatasi ni ndogo kuliko chungu, na vumbi la kutu ni dogo kuliko mbegu. Mambo yaliyoharibu mashamba duniani aghalabu yaliingia yakiwa madogo, mikononi mwa watu wema.

Hayo ndiyo maoni yetu. Mwanachama aliye na maoni mengine na atuandikie, nasi tutayapiga chapa katika ukurasa huu bila kuyapunguza.